Uzi: Anatomia ya mbuzi na ng'ombe ndani ya miwani ya VR, kuanzia mashine ya CT hadi darasani

#1 fuvu_la_mbuzi

Wakuu, salaam.

Kila swali la kufundishia anatomia ya wanyama kwa VR (uhalisia pepe) linapoibuka humu, mjadala huishia kwenye miwani: ipi, bei gani, inapatikana wapi. Miwani ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Kazi iko kwenye modeli. Modeli ikiwa na kosa, mwanafunzi atalibeba kosa hilo hadi kwenye meza ya upasuaji, maana ameliona kwa macho yake na kulizunguka pande zote. Nafungua uzi niweke hatua zenyewe, na wenye kujua zaidi wasahihishe.

Mfano wangu ni mbuzi, kwa sababu anaingia mzima kwenye mashine ya CT, ile inayopiga mwili picha za mkato kwa eksirei. Tundu la mashine nyingi lina kipenyo cha sentimita 70 hivi. Ng'ombe mkubwa haingii. Utapata kichwa chake au mguu tu.

KUMPIGA SKANI. Mzoga uingie kwenye mashine mapema iwezekanavyo, na hapa wengi ndipo wanapoharibu. Mbuzi akishakufa, vijidudu vya rumeni (tumbo la kwanza, lile kubwa) vinaendelea kuchachusha majani, gesi inajaa, na hakuna tena kubeua kwa kuitoa. Ndani ya saa chache rumeni inasukuma kiwambo (ukuta kati ya tumbo na kifua) mbele, mapafu yanabanwa, ini linasogea. Utaondoka na modeli nzuri sana ya mbuzi aliyevimba tumbo, kisha uwaambie wanafunzi kwamba ndivyo alivyo mbuzi mzima wa afya.

Mlaze kifudifudi, kifua chini na miguu imekunjwa, kama anavyolala zizini. Ukimlaza chali, viungo vya tumbo vinaangukia mgongoni na vipimo vyote vya mahali vinapotea. Vua hereni ya chuma sikioni, kwa sababu chuma hutawanya mistari myeupe kwenye picha nzima ya kichwa. Kisha bandika shanga ya kioo kwenye sikio la kushoto. Sababu ya shanga itajadiliwa chini, na naomba asiiruke mtu.

Mwambie fundi wa mashine mambo matatu: picha za mkato zenye unene wa milimita 1 au pungufu, seti mbili (moja ya mfupa, moja ya tishu laini), na faili za DICOM (picha za kitabibu zinazobeba vipimo na mielekeo), siyo JPEG. Ukipewa mikato ya milimita 5, mfupa wa paja utatoka na ngazi ngazi kama mnazi uliochongwa wa kupandia, na hakuna programu itakayorudisha kilichokosekana.

Picha moja ya pikseli 512 kwa 512 ni kama nusu megabaiti. Mbuzi wa mikato 1,000 ni kama megabaiti 500. 3D Slicer, programu ya bure ya kugeuza skani kuwa modeli, inataka kumbukumbu mara kumi hivi ya ukubwa wa data, kwa hiyo kompyuta yenye gigabaiti 16 za RAM ni kiwango cha kuanzia.

KUTENGANISHA VIUNGO. CT inapima kwa kipimo cha Hounsfield: hewa ni −1000, mafuta karibu −100, maji 0, misuli 40 hadi 60 hivi, mfupa huanzia kama 200 na ule mgumu hupita 1000. Kwa mifupa, weka kizingiti (namba ambayo programu inachukua vilivyo juu yake) kwenye 200 au 250, na mifupa karibu yote inajitokeza kwa mkupuo.

Nasema karibu yote. Chukua mfupa wa bega. Katikati yake ni bapa na mwembamba kuliko unene wa mkato wako, kwa hiyo kila kisanduku cha picha kinabeba nusu mfupa na nusu msuli, wastani unashuka chini ya kizingiti, na modeli inatoka na tundu katikati ya bega. Mwanafunzi anaona tundu safi lenye kingo laini anadhani ni njia ya neva. Dawa yake: rudi sehemu hiyo peke yake, shusha kizingiti hadi kama 120, paka kwa brashi mkato hadi mkato. Usishushe kwa mwili mzima, utaokota misuli. Vijifupa vya ndani ya pua vilivyojikunja kama karatasi vina shida hiyo hiyo, tena zaidi.

Ini, figo, wengu na misuli vimekaribiana mno kwa namba, kizingiti hakisaidii. Tumia njia ya mbegu: paka alama ndogo ndani ya kila kiungo kwenye mielekeo yote mitatu, paka na alama za "vingine vyote", halafu programu ikuze. Pale ini linapogusana na kiwambo hakuna mpaka unaoonekana. Hapo unakata kwa mkono, ukiwa na atlasi pembeni. Kutenganisha msuli mmoja mmoja wa mguu kwa CT ni kazi ya makumi ya saa. Anayetaka misuli atafute MRI (skani ya sumaku).

KUPUNGUZA. Uso wa modeli hujengwa kwa pembetatu ndogo, na mifupa ya mbuzi mzima hutoka na pembetatu milioni kadhaa. Ilainishe kwanza, ndipo upunguze. Ukipindua mpangilio, makosa ya kupunguza yanageuka mabonde ya kudumu. Kwenye Blender (programu ya bure ya modeli za 3D), kifaa cha Decimate, peleka mifupa yote hadi kama 150,000, na kila kiungo laini 20,000 hadi 40,000. Kwa miwani ya Quest 2, mandhari nzima isipite pembetatu 500,000 na utakuwa salama.

VIPIMO. Faili ya STL, ya kutolea modeli Slicer, haibebi kipimo. Slicer inatoa milimita, Blender inasoma mita, na fuvu la sentimita 20 linakuwa na urefu wa mita 200. Punguza kwa 0.001 wakati wa kuingiza, halafu chukua kalipa, pima fuvu halisi kutoka ncha ya pua hadi kisogo, na ulinganishe. Faida kubwa ya VR dhidi ya kioo cha kompyuta ni kwamba jicho linaona ukubwa wa kweli. Ukikosea kipimo umeitupa faida hiyo.

---

#2 DaktariWaZizi

Uzi wa maana, mkuu. Niongezee kwenye shanga ya sikioni: kazi yake ni kuonyesha kwenye picha kushoto ni wapi, maana kugeuza pande ndiyo kosa baya kuliko yote na halionekani.

Mifupa ya mnyama ina ulinganifu. Ukigeuza mbuzi kama kwenye kioo, kushoto kuwa kulia, mifupa haitakuambia chochote. Viungo vya ndani ndivyo vitakavyosema, na katika wanyama wanaocheua vinasema kwa sauti kubwa. Rumeni inajaza upande wa kushoto kutoka kwenye kiwambo hadi karibu na nyonga. Wengu uko kushoto, umelala juu ya rumeni. Ini limesukumwa kulia. Abomasamu (tumbo la nne) iko sakafuni, upande wa kulia. Figo la kushoto limesukumwa na rumeni hadi kuvuka mstari wa kati, ndiyo maana ukiingiza mkono kwa njia ya haja kubwa ya ng'ombe unaligusa likining'inia katikati.

Sasa modeli iliyogeuka ina rumeni kulia. Mwanafunzi akijifunza kutoboa gesi kwa modeli hiyo, siku ya ng'ombe aliyevimba atapeleka trokari (chuma cha kutobolea gesi) upande usio wake. Trokari inaingia kushoto, kwenye bonde lile la nyuma ya ubavu wa mwisho.

Ukaguzi wa haraka kwa wanyama wengine: farasi, sikamu (mfuko wa mwanzo wa utumbo mpana) iko kulia. Kuku jike, ovari inayofanya kazi ni ya kushoto peke yake. Kama modeli yako ya kuku ina ovari kulia, usiendelee na hatua nyingine yoyote.

---

#3 PembetatuTatu

Daktari, nakazia. Kinachosababisha kugeuka ni vitu viwili zaidi ya vyote.

Cha kwanza ni picha zisizo na maelezo, hasa TIFF kutoka mashine za CT ndogo za maabara. DICOM inajua kichwa kiko wapi na kushoto ni wapi. Rundo la TIFF halijui. Ukizipanga kutoka ya mwisho kwenda ya kwanza, mnyama anageuka kama kwenye kioo, na hakuna onyo lolote.

Cha pili ni marekebisho ya mkono ndani ya Unity, programu ya kutengenezea masomo ya VR. Unity inahesabu mihimili kwa mkono wa kushoto, faili za modeli za glTF kwa mkono wa kulia. Kiingizaji kizuri kinabadilisha chenyewe. Mtu akiona modeli imeangalia kusiko, anaweka −1 kwenye kipimo cha X, modeli inaangalia vizuri, kumbe ameigeuza. Kama mnyama ameangalia upande mbaya, mzungushe nyuzi 180. Usitumie namba hasi kwenye kipimo, kamwe.

Na viungo vyote vitoke Slicer kwa mkupuo mmoja na mpangilio mmoja. Ukitoa mifupa leo na ini mwezi ujao kwa mpangilio mwingine wa mihimili, ini litakaa nje ya mbavu, na utashawishika kulisogeza kwa mkono hadi "linapopendeza". Hapo umeshaacha anatomia, unapamba.

---

#4 bi_mifupa

Wasio na CT wasikate tamaa. Mifupa inapatikana kwa simu na mwanga mzuri, kwa kuunganisha picha.

Mfupa uwe umechemshwa na kusafishwa mafuta, mkavu. Kaa kivulini mahali pa wazi au siku ya mawingu. Jua kali linaweka vivuli ambavyo programu itavichukua kama sehemu ya mfupa. Funga fokasi na mwangaza wa kamera visijibadilishe. Zunguka mfupa kwa duara tatu: moja usawa wa mfupa, moja juu kidogo, moja juu zaidi. Picha kila nyuzi 10, yaani 36 kwa duara, 108 kwa jumla. Geuza mfupa, rudia. Jumla 216.

Mfupa mweupe hauna alama za kutosha, na programu inashindwa kuunganisha. Tandika gazeti lenye maandishi chini yake: herufi zinaipa programu mahali pa kushika. Hii ni pale unapozunguka wewe na mfupa umetulia. Kama unazungusha mfupa kwenye kisahani na kamera imesimama, kinyume chake: nyuma pawe patupu kabisa, vinginevyo programu itaona mandhari imetulia na kukataa kwamba kitu kinazunguka.

Weka rula ndani ya picha. Bila rula hakuna kipimo.

Meshroom, programu ya kuunganisha picha, ni ya bure ila inataka kadi ya NVIDIA. Na viungo vibichi, ini au moyo uliotoka buchani sasa hivi, vinang'aa, na mng'ao unahama kila ukihama wewe. Kausha kwa karatasi, tumia mwanga uliotawanywa, na hata hivyo utegemee kurudia.

Anayetaka kuanza bila mnyama wala kamera aende MorphoSource, hifadhi ya skani iliyoko Chuo Kikuu cha Duke. Mradi wa oVert ulioongozwa na Makumbusho ya Florida umeweka huko skani za vielelezo zaidi ya 13,000 vya wanyama wenye uti wa mgongo. Soma masharti ya kila faili, siyo zote zinaruhusu matumizi yoyote.

---

#5 mwaka_wa_pili

Shikamooni wakubwa. Je, kwa wanafunzi wenye simu tu, yale maboksi ya karatasi ya kuweka simu yanatosha? Na inawezekana bila Unity?

---

#6 PembetatuTatu

Marahaba. Boksi la simu lina mitego miwili. Simu nyingi za bei nafuu hazina jairoskopu; zina kipima mtikisiko tu, kwa hiyo ukigeuza kichwa picha inaruka au haigeuki kabisa. Angalia kwanza kwa programu ya kupima vihisi. Pili, hata yenye jairoskopu inajua umegeuza kichwa, haijui umesogea. Huwezi kuinama uchungulie chini ya ini, na kuchungulia ndiko kunakofundisha. Kwa simu, ni afadhali modeli ya kawaida kwenye kivinjari, unazungusha kwa kidole. Google wenyewe waliacha kuuza Cardboard, boksi lao la karatasi, mwaka 2021, na Expeditions, programu yao ya masomo ya VR, ikafungwa mwaka huo huo. Hapo pana la kujifunza: faili za modeli zako zikae kwenye diski yako.

Bila Unity inawezekana. Tumia A-Frame, zana ya kutengeneza VR kwa ukurasa wa kawaida wa wavuti unaobeba faili ya GLB (glTF iliyofungwa kwenye faili moja). Kurasa mbili za maandishi ya HTML zinatosha somo la kwanza. Ila yako matatizo mawili yatakayokukwamisha darasani na siyo ofisini.

Moja: kivinjari cha miwani hakifungui VR bila HTTPS (anwani salama yenye cheti). Ukiweka somo kwenye laptopu na kulifungua kwa anwani ya mtandao wa ndani, ile inayoanza na 192.168, ukurasa unaonekana, modeli inaonekana, kitufe cha VR hakifanyi kazi. Tengeneza cheti chako mwenyewe na ukikubali kwenye kila miwani, au unganisha kwa waya na utumie amri ya adb reverse (ya zana za Android) ili miwani ione laptopu kama localhost, yaani kama yenyewe, ambayo inaruhusiwa.

Mbili: ukibana faili ya modeli kwa njia ya Draco ili iwe ndogo, kifunguaji chake huvutwa kutoka intaneti. Ofisini kuna intaneti, inafanya kazi. Darasani hakuna, mbuzi haonekani. Pakua kifunguaji, kiweke kwenye folda ya somo, na uelekeze njia huko.

---

#7 DaktariWaZizi

Turudi kwenye somo lenyewe, maana modeli pekee siyo somo. Kumwacha mwanafunzi azunguke ng'ombe aliyejaa lebo 200 ni kumpa kamusi. VR ina nguvu pale ambapo swali ni "nini kiko jirani na nini". Natoa mfano mmoja ambao kila mfugaji anaujua: ng'ombe aliyemeza waya.

Ng'ombe hachambui chakula kwa midomo kama mbuzi. Kipande cha waya au msumari kinapita na majani, kinashuka umio, na kwa uzito wake kinatua kwenye retikulamu (tumbo la pili), ambayo ukuta wake wa ndani ni kama sega la nyuki na unakinasa. Retikulamu imekaa usawa wa ubavu wa 6 hadi wa 8, imeegemea kiwambo. Upande wa pili wa kiwambo, sentimita chache tu, ni kifuko cha moyo. Retikulamu hujikunja takriban mara moja kila dakika, mikunjo miwili mfululizo, na kila mkunjo unausukuma waya mbele.

Kwenye kitabu hii ni sentensi. Kwenye kielelezo cha pembeni, rumeni inafunika kila kitu. Ndani ya miwani iwe hivi: ng'ombe wa ukubwa halisi amesimama. Mwanafunzi anaondoa ukuta wa kushoto, halafu rumeni. Anadondosha waya kwenye umio na kuufuata. Anaambiwa apige magoti na kuweka kichwa chake kati ya retikulamu na moyo. Kulia kwake sega, kushoto kwake moyo unadunda, na katikati utando mmoja wa kiwambo. Ndipo mikunjo inaanza, kwa kasi yake ya kweli, siyo ya kuharakishwa. Dakika tatu zinatosha, na baada ya hapo hakuna haja ya kumwambia kwa nini ng'ombe huyo anasimama ametanua viwiko na hataki kushuka mteremko.

Kiambatanisho: kwa kuwa ng'ombe haingii CT, mifupa ni ya picha za simu kama alivyoeleza Bi Mifupa, na viungo vya tumbo vimechorwa kwa vipimo vya upasuaji. Hilo liandikwe wazi kwenye somo.

---

#8 fuvu_la_mbuzi

Daktari, hilo la mwisho ningependa liwe sheria. Kila kiungo kwenye modeli kiwe na asili yake: kimetoka kwenye skani, au kimechorwa. Tumia rangi iliyopauka kidogo kwa kilichochorwa, na maelezo yake.

Neva ndiyo mfano mzuri. CT haionyeshi neva nyembamba. Neva inayorudi kwenye zoloto inashuka shingoni pamoja na neva mama ya vagasi, inaingia kifuani, ya kushoto inazunguka aota, ya kulia inazunguka ateri ya subklavia, halafu zote zinapanda tena hadi kooni. Kwa twiga, safari hiyo ya kwenda na kurudi inapita mita 4, kwa umbali ambao moja kwa moja ungekuwa sentimita chache. Kuifuata kwa mkono ndani ya VR ni somo zuri mno. Lakini ni uzi uliochorwa Blender juu ya pingili 7 za shingo, na mwanafunzi ana haki ya kujua.

---

#9 mkata_nyama_wa_maabara

Kwa faida ya wengi: hii ina maana tuachane na mizoga? Formalini ya asilimia 10 ina formaldehaidi karibu asilimia 4, na IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO, liliiweka formaldehaidi kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 2004. Mizoga ni ghali, inaisha, na wanafunzi ni wengi. Naona VR ndiyo njia ya kutokea.

---

#10 bi_mifupa

Hoja ya formalini ni ya kweli, ila hitimisho silikubali. VR inafundisha mahali. Haifundishi mkono. Tofauti ya utando na mshipa, jinsi msuli unavyoachana na msuli mwenzake ukipitisha kidole badala ya kisu, uzito wa utumbo uliojaa, harufu inayokuambia kitu kimeoza: hakuna hata kimoja ndani ya miwani. Rimoti inatikisika tu.

Waliotaka mguso walijenga mashine ya mguso. Sarah Baillie, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 2000, alitengeneza Haptic Cow, ambapo kidole cha mwanafunzi kinavaa kifaa kinachorudisha ukinzani, ili ajifunze kupima mimba ya ng'ombe kwa mkono kabla ya kumwingia ng'ombe halisi. Huko kuona hakusaidii hata kidogo, kwa sababu ndani ya ng'ombe huoni. Kwa hiyo uliza kwanza: ujuzi huu ni wa jicho au wa kidole?

Matumizi sahihi ni kupunguza mizoga, kwa kumfikisha mwanafunzi mezani akiwa anajua anachokitafuta. Saa ya kwanza ya maabara huwa inapotea kwenye "hii ni nini?". Hiyo ndiyo VR iichukue.

---

#11 mkata_nyama_wa_maabara

Nimekuelewa, dada. Hilo la jicho na kidole nalichukua. Basi uendeshaji wa darasa: wanafunzi 60, miwani 4. Inawezekana?

---

#12 PembetatuTatu

Piga hesabu. Dakika 10 kwa kila mmoja, 3 za kubadilishana na kufuta. Wanne wanne ni mizunguko 15, mara 13, dakika 195. Saa tatu na robo. Betri ya Quest 2 inakaa saa 2 hadi 3, kwa hiyo mizunguko ya mwisho haina moto bila paawabenki zilizofungwa kwenye mkanda. Gawanya darasa: kituo cha miwani, kituo cha mifupa halisi, kituo cha kuchora, na wanaosubiri wasione kinachoendelea ndani ya miwani kama mtawapima baadaye.

Mambo ya kwenye chumba. Jua lisiguse lenzi hata dakika moja. Lenzi inalikusanya kama kioo cha kukuza na kuunguza skrini ndani, doa halitoki. Miwani isiachwe dirishani. Lakini giza nalo baya, kamera za miwani zinahitaji kuona chumba, na ukuta mweupe mtupu unazipoteza, bandika mabango. Kwenye mipangilio, mzunguko wa taa uwe hezi 50, ndio umeme wetu. Ukiachwa 60, ufuatiliaji unayumba chini ya taa za mirija na utalaumu modeli.

Lenzi zifutwe kwa kitambaa kikavu laini. Spiriti inakula utando wa lenzi; spiriti ni ya mpira wa uso tu, na uwe wa silikoni. Quest 2 ina nafasi tatu za umbali wa macho, milimita 58, 63 na 68. Nusu ya wanaosema "naona ukungu" ni nafasi isiyo yao. Kwa kilemba, hijabu au misuko, legeza mkanda wa juu, kaza wa nyuma chini ya kisogo.

Kichefuchefu: macho yanasema mwili unakwenda, sikio la ndani linasema umetulia. Kwa hiyo asiende mwanafunzi, aende mnyama. Mwanafunzi akae au asimame palepale, amzungushe ng'ombe kwa rimoti. Ukitaka kumwingiza ndani ya moyo, fifisha picha iwe nyeusi, badilisha ukubwa, fungua tena. Fremu zisishuke chini ya 72 kwa sekunde, yaani kila fremu ina milisekunde 13.9 tu. Kinachoziangusha zaidi ni viungo vinavyopitisha mwanga. Watu hupenda ngozi kama kioo, mbavu kama kioo, ini kama kioo. Chipu ya miwani inachora kila tabaka upya, na mpangilio wa nyuma na mbele unavurugika hadi figo linaonekana mbele ya mbavu. Ficha kiungo kizima, au tumia bapa la kukata linalofuata mkono. Bapa la kukata lina faida ya pili: linaonyesha mkato ule ule wa CT.

---

#13 mwaka_wa_pili

Asanteni sana. Swali dogo la mwisho: lebo ziwe kwa lugha gani?

---

#14 DaktariWaZizi

Kilatini cha Nomina Anatomica Veterinaria (orodha rasmi ya majina ya anatomia ya wanyama), toleo la sita la 2017, kiwe jina rasmi, na Kiswahili chini yake. Epuka modeli zilizobandikwa majina ya anatomia ya binadamu. Binadamu amesimama, kwa hiyo vena kubwa inayotoka kichwani huitwa ya juu. Kwa mbuzi ni ya upande wa kichwa. Maelekezo yawe manne: kichwani, mkiani, mgongoni, tumboni. Na neno "mbele" liondolewe kwenye lebo zote, kwa sababu ndani ya miwani mbele ni kokote anakoangalia mwanafunzi.